Wanacheka Kabla Sijasema

Kwanza niseme kwamba mimi ni mzima. Mama ndiye aliyeniagiza nianze hivyo ili msomaji asiogope, na mama akiagiza huku ameshika mwiko, huwa sibishani. Basi, mimi ni mzima. Nimerudi shuleni, nakula, nalala, nywele zimeota upya kichwa kizima isipokuwa nyuma ya sikio la kushoto, ambako zimegoma kama wanafunzi walionyimwa maharage.

Nawaandikia ninyi ambao bado hamjapona. Au ninyi wenye mtu nyumbani aliyegeukia ukuta, au asiyelala, au anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza, na jioni mnaambizana kwamba ni malaria tu, itapita. Mimi nilikuwa malaria hiyo.

Kwetu ni nje kidogo ya Njombe, kwenye mgongo wa kilima unaotazamana na mashamba ya miti ya miwati. Jina langu ni Damari, lakini shuleni wananiita Santuri, kwa sababu nikimsikia mtu mara moja namtoa vilevile: sauti, kikohozi, hata namna anavyomeza mate kabla ya kudanganya. Nimeshamtoa mchungaji. Nimeshamtoa mwalimu mkuu, nikamtoa na mbuzi wa mwalimu mkuu, na wako waliosema hawakuona tofauti.

Ila watu niliowatoa vizuri kuliko wote walikuwa wa nyumbani. Jioni za baridi, moto umekolea jikoni, tunamenya viazi, dada yangu Yusta alikuwa akisema, "Santuri, hebu weka Babu."

Nami namweka. Babu alikuwa rahisi. Unageukia ukuta, unakaa, basi. Babu Yeremia, mzaa baba, alirudi kutoka kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza akiwa na viungo vyake vyote, watu wakamshukuru Mungu. Akaoa, akalima, akazaa. Kisha baridi moja akageukia ukuta na hakugeuka tena mpaka walipomgeuza wenyewe ili wamvalishe sanda. Siri ya kumtoa ilikuwa mkono: kidole gumba kinasugua cha shahada, polepole, kama mtu anayepima ulaini wa unga. Mimi sikumkuta, nilifundishwa na shangazi. Watu wakasema Babu aliuawa na huzuni ya vita.

"Sasa weka Baba mdogo!"

Kwa Baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba, niliyefundishwa vilevile, ilibidi nisimame. Alikuwa akianza kutolala, halali majuma mazima. Anaimba, anacheka, anagawa ng'ombe kwa watu aliokutana nao njiani. Alitembea kwa miguu mpaka Makambako kuwaambia madereva wa malori kwamba atawajengea barabara mpya isiyo na kona hata moja, yeye na jembe lake. "Kona ni uvivu wa Wazungu!" Hapo jiko zima linacheka. Mkono wake ulikuwa wa haraka, kidole gumba juu ya cha shahada, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Watu wakasema ni ulanzi. Kweli alikunywa ulanzi. Lakini mvua zikianza na mianzi ikigemwa, kilima kizima kilikunywa ulanzi, pamoja na wazee wa kanisa waliokuwa wanaonja tu, na hakuna mwingine aliyegawa ng'ombe.

Wa tatu, shangazi Eliza, nilimweka kwa sauti ndogo, kwa sababu aliishi nyumba ya nyuma na masikio yake yalikuwa mazuri mno. Tatizo lake lilikuwa hilo hasa. Aliinamia mtungi wa maji, akasikiliza, akajibu. Mkono wake ulikuwa kama wa mtu anayesokota uzi. Mtoto wake wa pekee alikufa akiwa mchanga, na watu wakasema ni kijicho cha jirani. Nyumbani tulisema "shangazi ana wageni."

Kwa hiyo tulikuwa na huzuni ya vita, ulanzi, na kijicho. Watu watatu, sababu tatu, dawa tatu. Ukoo wetu ulikuwa kama duka la Mhindi, kila rafu na bidhaa yake, na hakuna aliyefikiri kwamba zote zilishushwa kutoka lori moja.

Kuhusu malori. Nilipokuwa mdogo wa kubebwa begani, baba na wanaume wengine walimpeleka Baba mdogo Makambako, mikono imefungwa kwa kamba ya magome ya miwati, wakampandisha lori la kwenda Iringa ili askari wa Bwana Shauri wamfikishe Dodoma, kwenye nyumba ya wenye wazimu. Alikuwa mchangamfu siku ile. Akiwa juu ya magunia akapiga kelele, "Kaka! Nikifika nitawaletea barabara!" Lori likaondoka. Hakuna barabara iliyokuja, wala yeye hakuja. Watu wengine wakisema Makambako wanamaanisha mahindi na nauli. Kwetu lilikuwa neno la kunyamazisha watoto.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo ugonjwa wangu ulipofichwa kabla haujaja.

Kwetu posa haianzi na mahari. Inaanza na maswali. Mwaka ule, baada ya mavuno ya njegere, walikuja kumwombea Obadia, mwalimu kijana, ampate dada Yusta. Mshenga wao alikaa kwenye kigoda, akasafisha koo.

"Mzee, samahani sana, ni desturi tu. Katika ukoo huu kuna ukoma?"

"Hapana," akasema baba.

"Kifafa?"

"Hapana."

"Kichaa?"

"Hapana."

Baba ni mzee wa kanisa na hakudanganya. Aliulizwa kichaa, na yeye alijua huzuni, ulanzi na kijicho. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa kanga. Wakati uleule, kutoka nyumba ya nyuma, shangazi akacheka kicheko kirefu.

"Nani huyo?" akauliza mshenga.

"Dada yangu. Ana wageni."

"Aa. Vizuri. Wageni ni baraka."

Baba hakuwauliza wao swali hata moja, wakati ni haki yake. Mama alimwuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Ukirusha jiwe kwa jirani, anakumbuka kwamba na yeye ana mikono." Basi, posa ikapita. Yusta akaanza kutembea kama amebeba yai kichwani.

Mimi nilirudi shuleni, bweni la wasichana, darasa la saba. Mvua zikaanza. Na mimi nikaanza kuwa mcheshi.

Mtasema nilikuwa mcheshi siku zote. Ndiyo, ila huu ulikuwa mwingine. Utani ulikuja wenyewe, mmoja umemshika mwingine mkia. Nilikuwa naamka kabla ya kengele bila usingizi wowote, kila kitu kinang'aa, hata uji. Niliandika insha ya mwenzangu, na ya mwenzake, na ya mwalimu. Wasichana walicheka mpaka wakalia. Walikuwa wanakuja na wenzao wa madarasa mengine kunitazama. Kama una mtoto mcheshi nyumbani, naomba ushike hili: siku niliyochekesha kuliko siku zote za maisha yangu, ndiyo siku niliyokuwa mgonjwa zaidi. Hakuna aliyeona. Walikuwa wanapiga makofi.

Mchana mmoja nilipanda juu ya tuta kwenye shamba la viazi la shule, nikamweka mwalimu mkuu, nikahutubia. Nilihutubia mpaka mvua ikaja. Wenzangu wakakimbia. Nilihutubia viazi. Walipokuja kunishusha niliwaambia kona ni uvivu wa Wazungu, na mwalimu mkuu, ambaye ni Mzungu, hakuona kichekesho. Nikafukuzwa kwa utovu wa adabu. Barua ya kunirudisha nyumbani haikutaja ugonjwa, kwa hiyo baba hakutafuta dawa. Alitafuta fimbo.

Mama akanitazama nilivyokuwa nimekonda, akaichukua ile fimbo akachochea nayo moto. Dawa ya kwanza ilikuwa hiyo.

Ya pili ilikuwa mizizi, iliyoletwa kwa siri nyuma ya jiko kwa sababu ya uzee wa kanisa wa baba. Ilinifanya nitapike kila nilichokula tangu Krismasi. Ya tatu ilikuwa maombi. Walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikauma. Sikuwa na neno. Walikuwa na mikono ya moto, na baridi ilikuwa imeanza.

Baridi ya kwetu, kama hujawahi kuiona, huja na ukungu unaoingia hata ndani ya viatu. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Baridi ile ndipo yale maneno yote yalipoisha. Sikusikia yakiondoka. Asubuhi moja nilitaka kumtania Yusta kuhusu Obadia, kwamba miguu yake ni kama mabano yaliyosahau maneno ya katikati, nikakuta hakuna utani. Nikakuta hakuna Yusta. Yupo, lakini mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikageukia ukuta.

Siwezi kuwaeleza siku zile maana zilikuwa siku moja. Mama aliweka uji, akaondoa uji. Ngozi ya midomo ikapasuka. Nywele zikashikana, siku zangu za mwezi zikakoma. Nilisikia baba na mama wakizozana kwa minong'ono iliyo kubwa kuliko kelele.

"Kina Obadia wakimwona hivi?"

"Ni malaria, mama Yusta."

"Malaria ya miezi?"

"Imempanda kichwani. Waambie hivyo. Mpaka harusi ipite."

Basi nikafichwa chumba cha ndani, Yusta akawa analala mlangoni kama mbwa mlinzi. Siku moja alinisugua miguu kwa mafuta akasema, "Santuri, weka mtu yeyote. Hata mimi. Niweke mimi, sitakasirika." Sikuweza. Akainamisha kichwa kwenye magoti yangu. Machozi yake yalikuwa ya moto na sikujua ni ya nini.

Mwisho wa baridi wakaja wa kucheka.

Kwanza niliwasikia nje, karibu na mianzi. Watu wengi, wanacheka vizuri, kama jikoni siku zile. Nikafikiri nimepata nafuu. Kisha nikatambua kwamba sijasema kitu. Nilikuwa sijafungua mdomo kwa majuma, na wao wanacheka. Nikiwaza kunywa maji, wanacheka. Nikiinua mkono, wanacheka kabla haujafika. Mtu aliyeishi kwa kuchekesha hawezi kupewa adhabu mbaya kuliko hiyo.

Mchana mmoja mama ameenda shambani, shangazi Eliza aliingia. Hakuwahi kuingia chumba kile. Alikaa sakafuni, akanitazama sikio.

"Wako wangapi?" akauliza.

Nikamgeukia.

"Wa kwangu walianza wawili. Wa kwako wanasemaje?"

Sauti yangu ilitoka kama mlango wa ghala. "Wanacheka."

"Wanakucheka kabla hujasema?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za kijiji alichozaliwa. Akanishika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Usiwajibu. Mimi niliwajibu." Akakaa nami mpaka jua likahama dirishani, kidole gumba chake kikisokota uzi ambao haupo. Tangu niugue, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza swali bila kunijibia.

Kiangazi kilipoanza, mioto ya mashamba ikaonekana milimani, nami nikaanza kuwafuata wale wa kucheka. Majirani walinikuta barabarani mbali na nyumbani, peku, upande wa miwati. Jumbe akapata habari. Akaja kwa baba, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mzee, nakuheshimu. Akionekana tena barabarani, nitapeleka jina lake bomani. Unajua njia yake."

Baba aliijua. Alikuwa amefunga kamba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake baba na mama walinichukua kwenda hospitali ya misheni, na hospitali hiyo, bahati mbaya, njia yake ni Makambako. Tulipanda lori la mbao. Pale njia panda tulishuka kusubiri jingine, tumekaa kwenye ukingo wa baraza la duka, vumbi limetupaka kama mihogo. Malori yalikuwa mawili. Tandiboi wa moja akaita, "Iringa! Iringa! Iringa!" Baba akanishika kiwiko. Hakunivuta popote. Alikishika tu, kwa nguvu, na nikaona anatazama magunia yaliyo juu ya lori lile kama anamtafuta mtu.

"Si hilo," akasema mama.

"Najua si hilo."

"Basi mwachie mtoto mkono, unamwumiza."

Lori la Iringa likaondoka. Wale wa kucheka walicheka sana.

Hospitalini tulikaa barazani kwenye benchi lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka yote. Mbele yetu alikuwa mzee mwenye kidonda mguuni, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila mtu. "Huyu binti ana nini?" "Malaria," akasema baba. "Ohoo. Mimi nimeona malaria nyingi. Haina macho hayo."

Na hapo, kwenye kona ya baraza, amejifunika shuka mpaka kidevuni, nani? Mama yake Obadia.

"Kamwene, wakwe," akasema.

"Kamwene," akajibu baba, kofia ikamponyoka.

"Mna mgonjwa?"

"Malaria tu. Nawe, mama?"

"Magoti. Magoti tu." Akatazama pembeni. Kama ningekuwa mimi wa zamani, ningesema wote wawili walimeza mate.

Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa kijana wa kwetu, Bwana Lameki, koti jeupe, mpole lakini amechoka. Alituita mezani, palepale barazani. Kabla ya safari, zahanati ya kwetu ilikuwa imeshanipa kwinini, masikio yalinivuma kama mzinga, na wale wa kucheka walicheka ndani ya mvumo.

"Mzee," akasema, "damu yake haina malaria. Katika ukoo wenu kuna mtu mwenye ugonjwa kama huu?"

"Kama huu? Hapana."

"Fikiri vizuri. Daktari ana vidonge vipya, ni vichache. Hampi mtu ambaye haijulikani anaumwa nini. Kama huu umetoka tu hewani, na anatoroka, na hapa hatuna chumba cha kumfungia, atamwandikia Dodoma."

Mama akasema, "Baba Yusta."

Baba akamtazama mama. Akatazama kona ya baraza. Dada Yusta alikuwa ameshashona gauni. "Hapana," akasema. "Hakuna."

Wakati huo wale wa kucheka walinyamaza. Nadhani walikuwa wanasubiri. Na mimi, sijui ni nini, labda ni lile benchi lililojaa watu wasio na la kutazama, nikasimama. Nikasikia sauti ya Yusta ya jikoni: hebu weka Babu.

Nikageukia ukuta wa hospitali, nikakaa. Nikasugua kidole kama anayepima unga. Mzee wa kidonda akacheka. "Amekuwa nani huyo?" Nikaruka, nikainua mikono. "Kona ni uvivu wa Wazungu! Leteni jembe! Nani hana ng'ombe hapa? Chukua!" Mkono unawasha kiberiti kilicholowa. Benchi zima likacheka, hata mwanamke wa Makete aliyekuwa anakohoa damu. Nikainamia ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, nikategea sikio, nikajibu kwa upole, mkono unasokota uzi. Wakacheka tena, kidogo.

"Sasa weka nani?" akauliza mzee wa kidonda.

Sikuwa na mwingine. Nikasimama tu, mikono chini. Nikamsikia mama akivuta pumzi. Baba alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia.

Nami nikautazama. Nilikuwa nimeshaacha kuigiza. Nilikuwa nimesimama kama mimi, Damari, sijamweka mtu yeyote, na kidole gumba kilikuwa kinasugua cha shahada. Hakikuwa unga, wala kiberiti, wala uzi. Ulikuwa mkono mmoja tu. Miaka yote nilikuwa nautoa kwa watu watatu nikidhani kila mmoja ana wake.

Hakuna aliyecheka. Nawaambia, hata wale.

Baba aliokota kofia yake, lakini hakuivaa. Akaongea kwa sauti anayosomea Maandiko, kila mtu barazani akasikia. "Bwana Lameki. Nimekuambia uongo na sikujua ni uongo. Baba yangu alikufa ameelekea ukuta. Mdogo wangu nilimfunga kamba kwa mikono hii, nikampandisha lori pale Makambako. Dada yangu yuko nyumbani, anaongea na mtungi. Na huyu mtoto wangu amekuwa wote watatu katika mwaka mmoja. Ni ugonjwa mmoja. Ni wetu."

Mama yake Obadia alijifunika shuka, akaondoka bila kuaga.

Nilikaa hospitalini mpaka mvua za kwanza. Sitaeleza vidonge vinafanyaje kazi kwa sababu sijui, na daktari alikiri kwamba hata yeye anajua nusu. Naweza kueleza vinavyofanya mwili. Mdomo unakauka kama ganda la mahindi. Ulimi unakuwa mzito, unataka kusema "uji" unasema "uuu". Jua linakuchoma hata likiwa nyuma ya wingu. Nilinenepa mpaka gauni likaomba msamaha. Mikono ilitetemeka, mwuguzi akawa ananishikia kikombe, na kila mara alikuwa anageuka kutazama dirishani nikinywa, ili nisione aibu. Jambo dogo sana hilo. Nitamkumbuka nikiwa bibi kizee. Walininyoa kwa sababu ya chawa. Na wa kucheka walipungua, siku kwa siku, kama watu wanaotoka kanisani.

Tuliporudi tulipitia Makambako tena. Tandiboi akaita Iringa. Baba hakunishika kiwiko. Alikwenda kwa dereva, nikamwona anauliza kitu, dereva akatikisa kichwa. Alirudi akakaa. "Nimemwuliza kama huwa anafika Dodoma," akasema.

Nyumbani Yusta alikuwa ameshakunja lile gauni akaliweka chini ya kapu la mbegu. Alinikumbatia, akanishika upara, akasema nimefanana na kiazi. Nilijua amekasirika na amefurahi, na vyote viwili vilikuwa haki yake.

Mama yake Obadia alikuja ulanzi ukiwa umeanza kugemwa. Alikuja peke yake, bila mshenga, akakaa jikoni kwenye gogo. Mama akamwekea viazi. Hakuna aliyekula.

"Sikuwa na magoti," akasema. "Nilikwenda kumchukulia mdogo wangu dawa. Yule tunayesema yuko Ludewa kwa kazi. Hayuko Ludewa. Yuko kwangu, chumba cha ndani, mwaka wa nne."

Baba akasema polepole, "Hukutuambia."

"Ninyi tuliwauliza. Sisi hakuna aliyetuuliza."

Kisha Yusta, msichana wa kubeba yai kichwani, akasema kutoka mlangoni, "Basi tumeshaulizana. Gauni liko tayari." Wakafunga ndoa baada ya Pasaka. Nilisimama nyuma ya kanisa, mnene, upara umefungwa kitambaa, na sikumweka mtu.

Shangazi naye anakunywa vidonge sasa. Nilimwuliza kama wageni wameondoka. "Hawajaondoka," akasema. "Wamekaa nje ya ua." Mimi vilevile. Daktari ameniambia ugonjwa unaweza kurudi, na hakusema lini. Kwa hiyo nimewapa watu kazi. Yusta ananiuliza nimelala saa ngapi. Wenzangu shuleni nimewaambia: nikichekesha mno, msipige makofi, mwiteni mwalimu. Wananiona mjinga, lakini wameahidi. Nanyi mlio na mtu wenu, msimwulize kama ana ugonjwa wa fulani. Mwulizeni wako wangapi, na wanasemaje. Kisha nyamazeni mpaka ajibu.

Yusta amejifungua. Ni mvulana, ana miguu ya mabano kama baba yake. Baridi ya pili tangu harusi imeingia, tunamenya viazi, na huwa wananipa nimshike. Anacheka sana huyo mtoto. Nikifungua tu mdomo kumtania, ameshacheka. Mama anasema, "Mwone, amemchukua Santuri." Wote wanafurahi.

Mimi huwa nacheka baada yao kidogo. Kwanza namfunua kishuka, namtazama mkono.